Jina Nililoliandika Kwenye Fomu ya Mama Nasri

Nyahanga, Kahama
Jumamosi, saa sita mchana

Mwanangu Kabula,

Nakuomba, kabla hujaendelea, mtazame aliyekaa kando yako kwenye basi. Kama anachungulia, kunja karatasi hii uirudishe kwenye mkoba mpaka ashuke au asinzie. Yaliyomo humu usimwambie mtu. Usimwambie rafiki utakayelala naye bweni moja, wala shangazi yako wa Katoro ambaye najua humfichi kitu. Likifika Kahama neno moja tu kabla ya wakati wake, yupo mtu atakayewahi kufanya jambo ambalo mimi sasa hivi najaribu kulizuia. Ukimaliza kusoma, ichane. Au usiichane, ifiche. Sijui. Unanijua nilivyo: hata mlango nikishaufunga narudi kuutikisa mara mbili.

Mambo ya kula, kufua na kusali sitayaandika. Nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nataka kulijibu swali uliloniuliza Jumatano, na kukuomba radhi kwa jinsi nilivyolijibu siku ile.

Ulikuwa unapiga pasi aproni zako za chuo cha Morogoro. Ukasema, "Mama, mimi na Neema na Leticia tukianza kushona, tunataka watu watukute mtandaoni. Wewe ndiye uliyemwekea Mama Nasri jina lake kule. Tuchagulie na sisi."

Nikacheka, nikajisikia mtu wa maana. Kisha ukaongeza, "Na tuliandikishe kwa jina lako, maana sisi vitambulisho vya taifa havijatoka."

Nikakukaripia. Nilisema, "Usithubutu!" kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, nikatoka nje nikasimama kwenye pipa la maji. Ukanifuata, ukauliza, "Nimekosa nini, mama?" Nikakuambia macho yananiwasha kwa moshi wa pasi. Kabula, pasi yetu ni ya umeme. Uliiangalia, ukaniangalia, ukarudi kwenye aproni zako.

Hukukosa kitu. Uligusa kidonda tu.

Ulikuwa darasa la tano, nami nilikuwa na miaka mitatu kwenye ofisi ya Mama Nasri, pale kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga, siku aliponiita akaniambia, "Mama Kabula, wanunuzi wa Isaka wananiuliza kama tuna tovuti. Hiyo tovuti inauzwa duka gani?"

Niliogopa kusema sijui. Nina cheti, nina stashahada, nilikuwa wa kwanza darasani kidato cha nne, na watu wa namna yangu kusema sijui kunatuwia kazi kuliko kubeba gunia. Nikasoma siku tatu. Nikajifunza kwamba vitu ni viwili, na wengi huvidhani kimoja. Kuna tovuti yenyewe, zile kurasa na picha, ambazo hukaa kwenye kompyuta fulani mahali fulani. Na kuna jina ambalo mtu huliandika ili afike pale, ambalo mafundi huliita domeni. Tovuti unaweza kuihamisha kesho ukaipeleka kwa fundi mwingine, na jina likabaki lile lile. Mteja hatajua hata kama mmehama.

Nilimweleza Mama Nasri hayo, akasikiliza huku akipitisha punje kwenye kiganja, akauliza, "Jina hilo ukishalinunua ni lako?"

"Hulinunui, mama. Unalilipia mwaka kwa mwaka."

"Aa. Kama kibanda cha soko."

"Kama kibanda cha soko, mama."

"Na ukichelewesha ushuru, anaingia mwingine."

Yule mama hakumaliza la saba, lakini alilielewa kwa dakika moja jambo nililolisoma siku tatu.

Kulichagua jina lenyewe ndiko kulikokuwa kutamu, na hapa naweza kukusaidia kweli. Mama Nasri alitaka jina zima lililoko kwenye leseni yake: Nasri na Familia Wafanyabiashara wa Nafaka na Usafirishaji. Mimi nilikuwa nimejaza ukurasa mzima wa daftari kwa majina ya kwangu, mengine yana namba, mengine yana vistari katikati, nikiyaona ya kisomi. Hatukukubaliana. Mwisho nikafanya jaribio. Nilisimama karibu na mashine ikiwa inanguruma, nikampigia Masanja, dereva wetu wa lori aliyekuwa Isaka akisubiri kushusha mzigo. Nikamwambia atafute kalamu, nitamtajia jina mara moja tu, aliandike.

Nikamtajia lile la leseni. Akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, hilo ni jina au umenitajia ukoo mzima?"

Nikamtajia langu lenye kistari na namba. "Hiyo namba niandike tarakimu au maneno? Na hicho kistari ndiyo mdudu gani?"

Mama Nasri alikuwa ananisikiliza, anacheka mpaka ushungi unaanguka. Akaninyang'anya simu, akapiga kelele, "Masanja! Andika mamanasri!"

"Hilo si nalijua siku zote," Masanja akasema. "Kwani mlikuwa mnatafuta nini?"

Ndivyo lilivyopatikana. Jina la kuchagua, mwanangu, ni lile ambalo midomo ya watu imeshalizoea, au ambalo italizoea kwa kulisikia mara moja penye kelele. Nyinyi watatu msikae chumbani mkatunga. Sikilizeni wateja wenu wa kwanza wanawaitaje. Kisha simama sokoni, mpigie mtu, mtajie.

Nilitaka pia kutia neno Kahama ndani yake, na neno mchele. Mama Nasri akauliza, "Na nikifungua mashine Katoro? Na nikianza kukamua alizeti?" Leo anakamua alizeti. Kwa hiyo msijiite kwa kitenge peke yake, wala kwa mji wa chuo. Hamjui mtaishia wapi.

Mkia wa jina nao una maana yake. Tulichukua ule wa kwetu wa biashara, wa nukta co nukta tz, kwa sababu wateja wetu walitaka kujua kwamba tupo hapa, tunaweza kufikiwa kwa lori. Ule wa nukta com unatumika dunia nzima, na jina lile lile likiwa na mkia mwingine mtu mwingine anaweza kulichukua bila kukuomba ruhusa. Angalieni kwanza nani anakaa kwenye mikia mingine ya jina lenu. Kama ni mshonaji mwingine, tafuteni jina jingine. Mtakuwa mnampelekea wateja.

Hayo yote niliyafanya vizuri. Nayaandika kwa kirefu, nadhani, kwa sababu linalofuata sitaki kulifikia.

Siku ya kulisajili ilikuwa Ijumaa. Fomu ilifunguka kwenye kompyuta, ikaniuliza mmiliki ni kampuni au ni mtu binafsi. Nikabofya kampuni, ikataka namba ya usajili. Namba ilikuwa kwenye kabati la Mama Nasri, na Mama Nasri alikuwa ameondoka kwenda kuswali. Angerudi baada ya nusu saa. Ningeweza kungoja. Nikabofya mtu binafsi, ikaniuliza: jina kamili la mmiliki.

Kabula, wewe ulizaliwa mvua za kwanza zikinyesha, na jina lako likatoka hapo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Siku ile ile bibi yako, mama yangu mzazi, aliacha kuniita Modesta. Akaniita Mama Kabula, na mji mzima ukamfuata. Sikuumia. Ni heshima, nami nililipenda kwa sababu kila aliyeniita alikutaja wewe. Lakini miaka ikapita jina langu likabaki kwenye vyeti tu, na vyeti viko ndani ya begi, na begi liko juu ya kabati. Hata mshahara Mama Nasri alikuwa ananipa mkononi kwenye bahasha iliyoandikwa Mama Kabula.

Sasa fomu inaniuliza jina kamili la mmiliki. Nikaandika Modesta Shija. Nikaweka barua pepe yangu mwenyewe. Nilipomaliza ikatoka karatasi: jina hili linamilikiwa na Modesta Shija. Niliitazama karatasi ile kama mtu aliyepigwa picha akapendeza. Nikasema nitairekebisha Jumatatu.

Sikuirekebisha. Sikukusudia kuiba, naapa. Ila kila mwaka nilipolipia nilikuwa naifungua, naisoma, naifunga. Mama Nasri hakuwahi kuuliza, na mimi nikajifanya kwamba kutokuulizwa ni sawa na kuruhusiwa.

Mwaka juzi nilipata onyo. Ukumbusho wa kulipia ulikuwa unakuja kwenye barua pepe yangu ya zamani niliyoacha kuifungua. Siku moja Masanja akapiga, "Mayu, mmefunga biashara? Naonyesha watu hapa, hakuna kitu." Nikakimbilia kompyuta. Muda ulikuwa umekwisha. Kwa bahati huwa wanakuachia siku chache kabla ya kuliachia jina, nikalipia papo hapo. Mama Nasri akauliza kulikoni. Nikamwambia mvua imeharibu minara. Ilikuwa Agosti. Unaona? Nikiogopa nadanganya, tena nadanganya vibaya, mvua ya Agosti na moshi wa pasi ya umeme.

Jumatatu ya wiki hii, Mama Nasri akiwa Isaka kusimamia upakiaji, aliingia ofisini mwanamume mmoja unayemjua kwa sura. Ni yule wanayemwita Bosi Duara, kwa sababu utajiri wake ulianzia kwenye duara, shimo la dhahabu, kule upande wa Katoro. Sasa amejenga mashine ya mpunga mkabala na yetu. Hakunisalimia. Alisema tu, "Wewe ndiye Modesta Shija?"

Nikaitika, "Abee." Niliitika kabla ya kuogopa. Ilikuwa miaka mingi sijaitwa hivyo na mtu aliyesimama mbele yangu.

"Nilitaka kujua jina la huyu mama kule mtandaoni ni la nani," akasema. "Ukilitafuta kwenye orodha ya majina kule kule, inakuonyesha mmiliki. Nikategemea nikute la kwake. Kumbe tajiri ni karani!"

"Si langu, bosi. Ni la ofisi."

"Karatasi inasema ni lako. Niuzie. Utanipa ule ufunguo wa kulihamisha, basi, umemaliza."

Alijua anachokitaka. Oda zote za ng'ambo ya mpaka zinaingia kwa barua pepe zinazobeba jina lile. Akilishika yeye, mnunuzi ataandika kwa Mama Nasri na barua itafunguliwa na Bosi Duara, na hakuna mtu atakayegundua mpaka lori liwe limepakia kwake.

"Na usipouza," akasema akiwa mlangoni, "nitamwonyesha Mama Nasri kwamba karani wake analalia jina lake chini ya mto. Uone nani ataaminiwa."

Sasa nifike kwenye lenyewe. Sikumfukuza. Nilimwambia, "Nipe wiki nifikirie."

Na nilifikiria kweli. Tulipokwenda kukununulia godoro na sanduku la bati, ukawa unachagua lile dogo ili usinitie hasara, mimi nilikuwa kando yako nawaza ningeweza kukupa nini kama ningeandika sahihi moja. Nilijiambia ni kwa ajili yako. Huko uendako utakutana na watu watakaokuambia wanafanya mabaya kwa ajili ya watoto wao. Wengine watakuwa wanasema kweli. Mimi mwenyewe sijui mpaka sasa nilikuwa upande gani.

Halafu Jumatano ukiwa na pasi mkononi ukasema tuandikishe kwa jina lako, mama. Ulilisema kwa kuniamini kabisa. Ndivyo Mama Nasri alivyoniamini, akaenda kuswali bila kugeuka nyuma.

Kwa hiyo hili la kujibu swali lako lichukue kama unavyochukua mkate kwa mtu mwenye mikono michafu: mkate wenyewe hauna kosa. Jina la kazi yenu liandikeni kwa kikundi chenu, mkishakisajili. Vitambulisho vikichelewa, ngojeni. Barua pepe ya ukumbusho iwe ya kikundi, mnaifungua wote, na neno la siri mlijue watatu. Na lisiwe jina la mtoto wa mtu. Langu lilikuwa Kabula na mwaka wako wa kuzaliwa. Nimelibadilisha juzi, maana kuanzia stendi mpaka sokoni kila anayenisalimia analitamka neno langu la siri.

Saa hizi ni saa nane kasoro. Wewe uko kwa Leticia mnaagana. Wiki ya Bosi Duara inakwisha keshokutwa. Navaa kitenge changu cha kanisani, nakwenda nyumbani kwa Mama Nasri. Nikirudi nitamalizia.

*

Nimerudi. Ni saa kumi na robo. Nimekunywa maji vikombe vitatu.

Nilimkuta barazani anachagua mchele kwenye sinia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Kabula. Jumamosi hii! Mtoto amepata homa ya safari?"

Nikashindwa kukaa. Nikasema nikiwa nimesimama. Nilisema kwamba jina la mamanasri kule mtandaoni halijaandikwa kwa kampuni, limeandikwa kwa Modesta Shija.

Akaacha mchele. "Modesta Shija ndiye nani?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe?" Akanitazama kama mgeni. "Miaka tisa uko ofisini kwangu." Akarudia polepole, "Miaka tisa," na sikujua anamlaumu nani.

Nikamweleza yote, fomu, Ijumaa ile, Agosti, Bosi Duara. Hakunikatiza mpaka nilipomtaja huyo wa mwisho.

"Na wewe ukamjibu nini?"

Ningeweza kusema nilikataa. Nilikuwa na neno hilo mdomoni, limeshaiva. Nikasema, "Nilimwambia anipe wiki nifikirie."

Akachagua punje kama tano hivi, akazitupa. "La fomu nitalisamehe," akasema. "Nani angejua. Hiyo wiki ndiyo imenichoma."

Nikakaa chini, Kabula.

Akaingia ndani, akarudi na cheti cha kampuni na simu yake. Akasema, "Libadilishe hapa hapa, nione." Nikajaza maombi ya kubadilisha mmiliki, nikaweka namba ile ambayo miaka sita iliyopita ningeipata kwa kungoja nusu saa. Nilipofika pa kulifuta jina la zamani, akanizuia. "Lisome kwanza kwa sauti." Nikasoma. Akalirudia, "Modesta." Kisha akasema, "Jina zuri. Ungeniambia."

Maombi yatachukua siku chache kupitishwa. Hiyo ndiyo siri ninayokuomba uitunze. Mpaka yapite, karatasi bado inasema ni langu, na Bosi Duara bado anadhani nafikiria; akishtuka sasa, anaweza kuwahi kuyawekea pingamizi.

Kuhusu kazi, sijui. Aliniambia niweke funguo za ofisi na simu ya ofisi pale kwenye sinia, nikaviweka juu ya mchele. Mwanawe Nasri anakuja Jumanne kutoka Dar es Salaam, wataongea, wataniita. Hakupandisha sauti hata kidogo. Nilipokuwa naondoka akaniita, nikageuka nikidhani ni matusi sasa. Akaujaza mfuko kwa mchele ule ule wa kwenye sinia. "Wa mtoto," akasema. "Mwambie aloweke kwanza." Ndiyo maana sanduku lako ni zito kuliko ulivyolifunga. Uko chini ya shuka.

Nasikia sauti yako njiani, wewe na Leticia mnacheka. Nitaikunja hii niitie kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba, na asubuhi stendi nitakuambia usiufungue mpaka basi lipite Tinde. Ukishasoma usinipigie simu kunifariji. Hutanipata, kwa sababu ile namba ni ya ofisi na simu nimeiacha. Wala usiniandikie kwa barua pepe ya ofisi. Wiki hii au wiki ijayo inaweza kufunguliwa na mtu mwingine, na hata kama hakuna ubaya, sitaki asome uandishi wako.

Nifikie hivi. Lililo la haraka, homa au jambo la chuo, mpigie shangazi yako Katoro, mwambie nimebadilisha laini, basi. Barua andika kwenye karatasi. Ipeleke stendi ya mabasi hapo Morogoro, mpe kondakta wa basi lolote linalolala Kahama, aiache kwenye dirisha la tiketi. Kila Ijumaa baada ya saa kumi nitakwenda kuulizia. Juu ya bahasha ukiandika Mama Kabula itafika, wote pale wananijua. Lakini wewe andika Modesta Shija. Watahangaika kidogo, watapaza sauti kuuliza huyo Modesta ni nani. Usijali. Nitakuwa nimesimama pale pale, nitaitika.

Mama yako,
Modesta